Rukia, ile Jumamosi ibadilishe

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mama akusalimu sana, Bi Tima karudi Lamu na miguu yake ni ile ile. Ya nyumbani tutayazungumza kwa simu. Haya ya safari yenu ya baiskeli kando ya bahari nakuandikia, maana kwa simu utanikatiza halafu baadaye useme sikukwambia.

Ile Jumamosi uliyowapa watu wako wa Nairobi, ibadilishe. Nimehesabu, inaangukia mwezi nane, siku ya nane tangu mwezi uandame. Maji mafu, Rukia, hayajai sana wala hayakupwi sana! Umekaa bara mpaka umesahau kuangalia mwezi? Isogeze wiki moja mbele, tuukute mwezi kumi na tano, bamvua lenyewe, maji yajaa sana na kukupwa sana.

Usinune kwanza, nisikilize. Juzi nimeipita njia yote na Kassim na wale wapwa zake. Ndiyo, mimi, juu ya baiskeli, na suruali chini ya dera. Najua Mwanahamisi keshakupasha, na najua katia chumvi. Sikuanguka popote.

Kisiwani hakuna tabu, maji yawe mafu yawe hai. Mnaanza Fort Jesus mapema, kabla jua halijakasirika. Wageni watauliza maswali, hawakosi, basi waambie Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698, na Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958. Wakizidi kuuliza waoneshe mizinga. Kutoka hapo mpaka Mama Ngina si mbali, na pale bahari ni ya bure: mibuyu huku, meli zaingia Kilindini mbele ya macho yenu, feri za Likoni zapishana kule mwisho. Kaeni mnywe madafu. Mihogo na pilipili ya ndimu wasipewe kabla ya kuvuka daraja la Nyali, nakuomba, yule shemeji yako tumbo lake twalijua.

Darajani mimi nilishuka nikaikokota pembeni. Daraja hilo ni la tangu 1980 na sidhani waliolijenga waliwafikiria watu wa baiskeli. Matatu zakupita karibu hivi, dera lataka kwenda nazo. Kengeleni simameni kidogo, pale walipokaa watumwa walioachwa huru, kengele yenyewe bado ipo.

Sasa kutoka Nyali kwenda Bamburi ndipo penye maneno. Umewaahidi watu "siku nzima kando ya bahari", sivyo? Bahari iko hapo kulia, waisikia, wainusa, na unachokiona ni ukuta. Ukuta, lango, ukuta, bango la kiwanja kinauzwa, ukuta tena. Zile njia tulizokuwa tukishukia zamani na kina Bakari, moja imepigwa mabati, nyingine ina askari. Kwenye hoteli moja, siitaji, askari akatuuliza twaenda kwa nani. Kwa nani? Kassim akamwambia twaenda kwa bahari, mwenyewe atujua. Hatukufunguliwa. Nilikasirika mpaka nikasahau kwamba nimechoka. Mtu kazaliwa hapa, baba yake kavua hapa, leo aulizwe mwenyeji wake ni nani!

Basi tukarudi nyuma kidogo, tukapata kichochoro cha wavuvi, tukashuka. Na siku ile, alhamdulillahi, ilikuwa bamvua. Maji yamekupwa mpaka miamba iko wazi, watu wako mbali huko wachokoa pweza. Mchanga wa chini, ule ulioachwa na maji sasa hivi, ni mgumu kama sakafu, gurudumu halizami. (Ule mkavu wa juu usiujaribu, utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba.) Tumepiga pedali kwenye mchanga huo mpaka Pirates, ule ufuo wa umma wa Bamburi, na zile kuta zote tukazipita kwa upande wa baharini, hakuna wa kutuuliza kitu. Nilipoipita ile hoteli niliwapungia mkono wageni wao waliolala vitandani. Wakanipungia!

Umeona sasa kwa nini nashikilia tarehe? Siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, ndiyo saa mtakayofika Nyali mkianza mapema. Kati ya kujaa na kukupwa hupita mita tatu, ufuo wafunguka kabisa. Mwezi nane saa hizo hizo ndiyo kwanza yamejaa, na hata yakikupwa jioni hayaendi mbali. Mtabaki huko juu barabarani na kuta zenu na malori. Siku ya kando ya bahari bila bahari.

Na msichelewe Pirates, alasiri maji hurudi. Mkishatoka hapo pandeni barabara ya Malindi mpaka Haller Park, watoto waone twiga. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, mpaka René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ndiyo iliyokubali kwanza. Wakumbuke na yule kiboko mdogo aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya 2004 akamfanya kobe mzee mama yake, ndiko alikolelewa.

Kaskazi imeshaingia, kwa hiyo kwenda mtaupiga upepo kifua, kurudi mtasukumwa. Jioni baiskeli zioshwe kwa maji ya mfereji na mnyororo utiwe mafuta, yule kijana wa kukodisha akiona kutu ni ugomvi na mimi, si nanyi.

Haya, niambie. Mko wangapi hasa, maana mara ya kwanza ulisema sita na juzi wasema "na wengine"? Wote wajua kuendesha, au kuna wa kubebwa? Treni mnafika asubuhi au usiku? Bakari umemwambia, au waniachia mimi tena? Shemeji bado aogopa ngamia? Pirates wamejaa, asije akatuaibisha. Na ile tarehe waibadilisha au huibadilishi? Nijibu kabla ya Ijumaa, kijana ataka arubuni.

Wako,
Zuhura