Hawakutoweka, Somo Yangu

Albuquerque, New Mexico
14 Oktoba

Somo yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mama na wale watundu wako wawili. Mimi huku sijambo. Baridi ndiyo kwanza inabisha hodi, na mji mzima unanukia pilipili za kuchomwa, maana ndio msimu wake.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umesema umetazama filamu ya yale majumba ya kale ya mwambani ya Mesa Verde, kule Colorado, na mwisho wake msimuliaji akasema watu wale walitoweka wasijulikane walikokwenda. Ukaniuliza: walikwenda wapi, somo? Nilitaka kukujibu papo hapo, lakini nilikuwa kwenye basi, na hili si jambo la kujibiwa kwenye basi. Leo sina zamu. Nimechemsha chai, nimekaa, nakuandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Hawakutoweka. Wapo. Jumamosi iliyopita nimenunua mkate kwa mmoja wao, mama mtu mzima wa kijiji cha Jemez, mkate wa tanuri la udongo, ungali moto. Vijiji vyao hapa New Mexico ni 19, na ndugu zao Wahopi wako Arizona. Lugha zao ni mbalimbali, na Kizuni hakijapata kuonekana kuwa na ndugu popote. Wote wanaitwa Wapueblo kwa sababu Wahispania walipofika karne ya 16 waliwakuta wanakaa vijijini, na kijiji kwa Kihispania ni pueblo. Hata lile jina Anasazi ulilolisikia kwenye filamu si lao. Ni neno la majirani zao Wanavajo, na maana yake inakaribia kuwa "wazee wa maadui". Fikiria mgeni anafika Kilwa, anakwenda kuuliza jina la babu zako kwa jirani mliyekuwa mkigombana naye, kisha analiandika vitabuni, na watoto wako wanafundishwa hilohilo shuleni! Wahopi wanawaita wazee hao Hisatsinom, watu wa kale. Basi.

Lile jumba lililokupendeza linaitwa Cliff Palace. Lina vyumba 150 hivi na kiva 23. Kiva ni chumba cha mviringo kilichochimbwa chini ya ardhi. Unashuka kwa ngazi kupitia tundu la paani, tundu hilohilo linalotolea moshi. Kuna kibaraza cha kukalia kuzunguka ukuta, mafiga katikati, na kwenye sakafu kishimo kidogo kinachoitwa sipapu, ukumbusho wa mahali ambapo watu walitokea duniani. Mengine yanayohusu kiva ni siri yao, na mimi sikuyauliza. Tarehe 18 Desemba 1888 wachunga ng'ombe wawili, Richard Wetherill na Charlie Mason, waliliona jumba hilo wakiwa ng'ambo ya bonde, na tangu hapo ikaandikwa kwamba wamelivumbua, ilhali Waute waliokuwa wakiishi pande zile walikuwa wanajua kuna nini mle mabondeni. Miaka mitatu baadaye akaja kijana wa Kiswidi, Gustaf Nordenskiöld. Alichimba vizuri kwa kipimo cha siku zile, akapiga picha nzuri, kisha akafungasha vyombo na mifupa ya watu akavisafirisha Ulaya. Vikaishia makumbusho ya Helsinki. Mwaka 2020 ndipo Finland ilipoirudisha mifupa ya watu wapatao 20 pamoja na vitu walivyozikwa navyo, ikazikwa tena kwao. Miaka karibu 130, somo, maiti hazina kaburi.

Sasa jinsi walivyojua watu waliondoka lini. Hapa shahidi ni boriti. Wewe unajua kwetu upana wa chumba cha nyumba ya mawe unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Huku nako boriti ndiyo iliyosema. Kulikuwa na mwanafalaki anaitwa A. E. Douglass, aliyekuwa akichunguza jua. Akagundua kwamba kwenye nchi kavu kama hii mti unaandika mvua: mwaka mzuri pete yake pana, mwaka wa ukame pete nyembamba kama uzi. Akaanza kukusanya magogo, ya miti iliyo hai na ya mapaa ya magofu, akiyalinganisha pete kwa pete. Akapata mifululizo miwili. Mmoja ulitoka siku zake kurudi nyuma, wa pili ulikuwa wa magofu peke yake, na kati yake pengo lisilozibika. Alijua jumba hili limelizidi lile umri kwa miaka mingapi, lakini hakujua lilijengwa mwaka gani. Mpaka 22 Juni 1929, pale Show Low, Arizona, walipofukua gogo lililoungua likawa mkaa, wakalifunga kamba na kulitia nta lisibomoke, wakalipa namba HH-39. Usiku uleule Douglass akakaa nalo kwenye taa akihesabu. Pete zake ziliunganisha pande zote mbili. Kwa usiku mmoja magofu chungu nzima yakapata tarehe zake.

Nami nikifikiria tulivyohangaika kwenye lile shimo letu la mafunzo ya akiolojia, tukibishana kama kigae ni cha karne hii au ile! Huku mtu anakwambia mti huu ulikatwa 1073.

Hizo pete ndizo zilizoonyesha ukame mkubwa wa 1276 hadi 1299. Magogo ya mwisho kukatwa Mesa Verde ni ya miaka ya 1280 hivi, halafu kimya. Lakini usidhani ni ukame peke yake. Baridi ilizidi, watu walikuwa wengi, mawindo yamepungua, na vita vilikuwepo. Kijiji kimoja cha jirani, Castle Rock, kilimalizwa kwa kuuawa makumi ya watu. Na kuna jambo ambalo wenyewe wanalisema na wachimbaji walichelewa kulisikia: kuhama ni sehemu ya maisha yao. Wahopi wanasimulia kwamba koo zao ziliagizwa zitembee nchi nzima kabla ya kufika mahali pao, na kila zilipokaa ziache nyayo. Nyayo zenyewe ni zile kuta, vile vigae, zile picha zilizochorwa mwambani. Kwa hiyo mahali sisi tunapopaita gofu, Mhopi anaona unyayo wa mtu wake. Nimelishika neno hilo, siliachi.

Halafu kuna bata mzinga. Hili litakufurahisha. Wapueblo wa kale walifuga bata mzinga, na mwaka 2017 watafiti walipima vinasaba vya mifupa ya ndege hao. Wakakuta kwamba bata mzinga wa bonde la mto Rio Grande, huku New Mexico, waliofugwa baada ya 1280 ni wa ukoo wa wale wa Mesa Verde, na kabla ya hapo ukoo huo haukuwa mwingi huku. Watu walihama na mifugo yao, kama mtu yeyote anavyohama. Na Watewa, Wapueblo wa huku Rio Grande, walikuwa wanasema tangu zamani kwamba wazee wao walitoka kaskazini.

Mwezi uliopita nilikwenda Tsankawi, karibu na Los Alamos. Ndiko nilikokukumbuka sana. Kilima chake ni cha majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe, laini kiasi kwamba ukilikwaruza kwa ukucha linaacha alama. Njia inapita juu ya jiwe hilo, na njia yenyewe haikuchongwa na mtu. Imechongwa na miguu. Mahali pengine inanifika magotini, mfereji mwembamba upana wa nyayo mbili, na ukipita huwezi kutanua miguu, lazima uweke mguu mmoja mbele ya mwingine kama walivyoweka wao. Wanawake wakipanda na mitungi, watoto, wazee wakirudi mashambani, karne baada ya karne, na viatu vyao ni vya ngozi laini au uzi wa mmea wa yuka. Juu kabisa kuna kuta zilizolala chini ya nyasi. Nilichuchumaa, nikaona kigae kimekaa juu ya mchanga, kijivu, kikubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Kilikuwa cha chungu cha kupikia, cha aina ile ambayo mfinyanzi hukunja kamba nyembamba za udongo moja juu ya nyingine, anabana kila mkunjo kwa ncha ya kidole na halainishi. Kwenye mkunjo mmoja alama ya kidole ilikuwepo, na mistari yake ya ngozi. Sikukigusa. Sheria hairuhusu kukichukua, lakini si sheria iliyonizuia. Niliweka kidole changu kando yake tu, nikalinganisha. Kilikuwa kidogo kuliko changu.

Nilidhani mara moja ni cha mwanamke, kama bibi yako alivyokuwa akifinyanga uani. Kumbe mwaka 2019 wamepima alama kama hizo kwenye vigae vya kijiji kimoja cha enzi za Chaco, lile bonde la magofu makubwa ya Wapueblo wa kale, wakakuta wanaume nao walifinyanga. Kwa hiyo sijui ni nani, lakini alikuwa mtu mdogo na alikuwa na haraka, maana mkunjo wa chini umekaa upande.

Chaco kwenyewe nitakuandikia siku nyingine, ni bahari. Nikwambie tu kwamba Pueblo Bonito, jumba lake kubwa, ina vyumba zaidi ya 600, imejengwa kuanzia karibu 850, na boriti zake nyingi zilibebwa kutoka milima iliyo mbali kiasi cha kilomita 75, watu bila gurudumu wala punda. Na kwenye vyombo vyake yamepatikana mabaki ya kakao iliyotoka Mexico. Wakati huohuo Kilwa yetu nayo ilikuwa inainuka. Na yale tunayoyajua sisi yaliwapata: walowezi walipoyaona magofu ya Mto Animas wakaona haiwezekani wenyeji wamejenga, wakayaita Aztec Ruins, eti wamejenga Waazteki. Ni kosa mpaka leo, na jina limebaki kwenye kibao. Ukiwasikia wageni Kilwa Kisiwani wanakwambia msikiti ule lazima walijenga watu wa mbali peke yao, wasimulie hilo.

Nimalizie na Pecos, maana ndiyo inayonitoa machozi. Ni kijiji kikubwa cha zamani mashariki ya Santa Fe. Mwaka 1838 watu wachache waliobaki walihama wakaenda kwa ndugu zao Jemez, na wakapokelewa. Kuanzia 1915 hadi 1929 mwanaakiolojia Alfred Kidder akachimba pale, na kwa kweli sisi sote tunaosoma matabaka ya udongo anatudai shukrani. Lakini alifukua makaburi. Mifupa ya karibu watu 2,000 ikapelekwa makabatini Massachusetts. Jemez hawakusahau kwamba wale ni wao. Sheria ya 1990 ya kuwarudishia wenyeji mifupa ya wazee wao ilipopita wakadai, na Mei 1999 ikarudishwa. Watu wa Jemez, wazee na watoto, walitembea kwa miguu siku kadhaa hadi Pecos kuwapokea, wakawazika. Yule mama niliyenunua mkate kwake, umri wake ni wa kuwa alikuwepo. Sikumuuliza, nilikuwa na aibu.

Na Picuris, kijiji kidogo sana cha kaskazini, wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2017 watafiti walitoa vinasaba vya watu waliozikwa Pueblo Bonito bila kuwauliza Wapueblo, na watu walikasirika. Picuris wao wakawaendea wanasayansi wenyewe: njooni mtupime, sisi tukisimamia, na tusiporidhika tunasimamisha. Majibu yakatoka Aprili 2025. Wana uhusiano wa damu na wale wa Chaco, kama wazee wao walivyosema siku zote. Unakumbuka tulivyobishana usiku kucha 2023, matokeo ya vinasaba vya Waswahili wa kale yalipotoka? Ningependa sana siku moja swali liwe limetoka kwetu.

Sasa nina ombi. Ukivuka tena kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Songo Mnara, usikae na wageni tu. Kaa na wale akina mama wanaokwenda kufua pale kisimani, na wazee wa jahazi, uwaulize kila mahali pale panaitwaje: ule mnazi wa pembeni, ule ukuta uliopinda, yale makaburi wanakochoma udi. Yaandike kwa mkono wako, na jina la aliyekwambia, kama yeye ataridhia. Mimi na wewe tulipima kuta zile kwa wiki tatu, sentimita kwa sentimita, na hatukumuuliza mtu hata mmoja.

Msalimie mama, mwambie dawa ya miguu nimeipata, anakuja nayo Mgeni mwezi ujao. Wanao wape mabusu.

Wasalaam,
somo yako
Mwanaidi