Kubadilisha ekzosi ya pikapu: mambo tunayokuuliza kabla ya kukata bomba

Wateja wengi wanaotuletea pikapu ili tuwafungie ekzosi mpya huanza kwa kueleza mlio wanaoutaka, na wengine huja na video kwenye simu ili tuusikie wenyewe. Sisi huanza na maswali mengine: injini ni ipi, ina turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) au haina, gari linabeba nini, na linapita njia zipi likiwa na mzigo. Mlio una nafasi yake, na tutaufikia, lakini pikapu inayoteremsha viazi kutoka Isyonje au kutoa mbao Mufindi ina mahitaji ambayo sikio peke yake haliwezi kuyapima, na bomba lililochaguliwa kwa mlio tu mara nyingi hurudi gerejini likiwa limepasuka au limebonyezwa na ekseli.

Sababu ya pili inayotajwa sana ni nguvu, na hapo tunalazimika kusema ukweli ambao hauuzi. Jiji la Mbeya liko takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauzidi meta 500. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa inayoingia kwenye silinda inazidi kuwa nyepesi, na ndiyo maana mtu anayetoka Kyela na mchele huhisi gari likichoka kadiri anavyoipita Tukuyu kwenda juu hata kama hakuna kifaa kilichoharibika. Ekzosi haiwezi kuirudisha hewa hiyo. Inachoweza kufanya ni kupunguza kazi ya injini ya kusukuma moshi nje, na nafuu hiyo ni ndogo kwa injini isiyo na turbo, kubwa kiasi kwa yenye turbo.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi turbo inavyofanya kazi. Turbo huzungushwa na moshi wenyewe, na kinachoizungusha ni tofauti ya msukumo kati ya upande wa injini na upande wa bomba la kutokea. Bomba la nyuma likiwa jembamba au sailensa ikiwa imeziba kwa masizi, tofauti hiyo hupungua, turbo huchelewa kushika, na dereva huongeza mafuta bila kupata mwendo. Kwa hiyo kwenye injini za dizeli zenye turbo za lita 2.5 hadi 3, kama zile za Hilux na D-Max, bomba la inchi 3 lina maana. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo ni ya lita 4.2 na haina turbo, inchi 2.5 inatosha, kwani bomba likiwa pana kupita kiasi moshi hupunguza mwendo ndani yake na gari hupoteza mvuto kwenye mzunguko wa chini wa injini, yaani pale pale unapouhitaji ukiwa umebeba mzigo mlimani. Anayetaka inchi 4 kwenye Hilux ya kawaida tutamfungia akisisitiza, ila ajue kwamba analipia mwonekano.

Kabla ya kuuza chochote tunaomba kuliangalia gari kwanza. Pikapu inayotoa moshi mweusi ikipanda na kukosa nguvu ina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo jingine: filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara za Chunya, nozeli zilizochoka, au mpira wa turbo uliochanika mahali pasipoonekana mpaka uukunje kwa mkono. Wapo waliokuja kutafuta ekzosi wakaondoka na filta mpya tu, na hatuoni hasara katika hilo. Vilevile tunaigonga sailensa ya zamani kwa nyundo ya mpira, kwa sababu bati za ndani zikishang'oka huchezacheza na kuziba njia ilhali kwa nje sailensa inaonekana nzima.

Kuhusu chuma, hapa ndipo wateja wanapodanganywa zaidi. Bomba la chuma cha kawaida ni la bei nafuu na huchomeleka kwa urahisi, lakini katika mvua za Rungwe halidumu, na huanza kuliwa kutokea ndani. Lita moja ya mafuta ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na kwenye safari fupi za mjini bomba halipati joto la kutosha kuyakausha, hivyo maji hutuama ndani ya sailensa pamoja na tindikali inayotokana na salfa ya mafuta. Gari linaloamka kila asubuhi kwenda Mwanjelwa, mjini Mbeya, na kurudi huoza sailensa haraka kuliko linalokwenda mbali hadi Makambako. Chuma kilichopakwa aluminiamu huvumilia zaidi, na chuma kisichoshika kutu ndicho bora, ingawa nacho kina madaraja. Daraja la 409 lina kromiamu ya takribani asilimia 11, na daraja la 304 lina takribani asilimia 18 pamoja na nikeli ya asilimia 8. Wateja wengi hupima kwa sumaku na kukataa bomba likinasa. Kipimo hicho kinakutenganishia 304, ambayo hainasi au hunasa kidogo sana, lakini 409 hunasa na bado ni chuma halali cha ekzosi kinachotumika kiwandani kwenye magari mengi. Sumaku haiwezi kukutofautishia 409 na chuma cha kawaida, kwa hiyo ukiuziwa 409 omba kuona chapa iliyogongwa kwenye bomba.

Kitu tunachokikataa moja kwa moja ni bomba la maji la mabati. Ni rahisi kulipata, linang'aa, na fundi wa njiani atakuambia halishiki kutu. Zinki iliyolipaka haikutengenezwa kwa joto la ekzosi, hubanduka mapema, na wakati wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua kubana usiku huo huo.

Kona za bomba nazo zinataka uangalifu. Kona iliyokunjwa kwa mashine isiyo na kiini cha ndani hubanwa ikawa bapa, na hapo bomba la inchi 3 linabaki kuwa la inchi 3 kwa jina tu. Sisi hununua kona zilizotengenezwa tayari kisha tunaziunganisha. Pale kona ya aina hiyo isipopatikana, bomba hujazwa mchanga mkavu, huzibwa ncha zote mbili, hupashwa moto hadi liwe jekundu na kukunjwa polepole. Mchanga lazima ukaangwe kwanza mpaka ukauke kabisa, kwa kuwa unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa unaweza kukirusha kizibo kama risasi.

Sasa mlio. Sailensa yenye vyumba hupunguza kelele kwa kuurudisha mlio ndani kwa ndani, na ile ya bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi ya kioo huachia moshi upite moja kwa moja. Ya pili inapendwa na vijana, na kwenye turbo inafaa, lakini sufi yake huungua taratibu na mlio huongezeka mwaka hadi mwaka. Kuna pia ule mvumo unaojaa kabini ukiwa kwenye mwendo wa kawaida wa safari, ambao hausikiki gerejini gari likiwa limesimama. Anayesafiri mara kwa mara hadi Iringa kwa saa kadhaa atauchukia kabla hajafika Mafinga, na dawa yake ni kuongeza sailensa ndogo ya kati. Kumbuka pia kwamba Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na kwamba askari wa barabarani hahitaji kipimo ili kukusimamisha.

Kuhusu masega, yaani kifaa chenye vitundu cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi za magari ya petroli na dizeli za kisasa, msimamo wetu ni kutoyaondoa kama ni mazima. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, metali zenye thamani kubwa, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi hukuambia kwa bidii kubwa kwamba yanaua gari. Yakiwa yameziba kweli tutakuonyesha kipimo cha msukumo, na chochote kitakachotolewa utakichukua wewe.

Kufunga ndiko kunakochukua muda, na ndiko kunakotofautisha kazi na kazi. Pikapu ikinyanyuliwa kwa chasisi, ekseli ya nyuma huning'inia chini, na fundi asiyezoea huona nafasi kubwa kati yake na bomba, akachomelea na kufurahia. Siku gari litakapopakiwa magunia ya viazi, springi hulala, ekseli hupanda, na bomba hugongwa kila shimo. Kwa hiyo sisi hulishusha gari lisimame kwa magurudumu yake, tukapima umbali uliobaki kati ya ekseli na kizuizi chake cha mpira, na bomba la juu ya ekseli hupitishwa mahali ambapo hata umbali huo ukiisha wote patabaki nafasi ya sentimeta tatu hivi. Umbali kutoka kwenye hozi ya breki, nyaya, tangi la mafuta na tairi la spea lililo chini ya bodi unapaswa kuwa mkubwa zaidi, na pasipowezekana tunaweka bati la kukinga joto.

Bomba lote kwanza hushikizwa kwa doti chache tu, likajaribiwa, likashushwa, na kuchomelewa kikamilifu mezani. Panapobidi kuchomelea likiwa garini, waya hasi wa betri hutolewa na kibano cha ardhi huwekwa karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye kompyuta ya injini au beringi. Kati ya injini na bomba huwekwa fleksi, yaani kipande kinachonyumbulika, kwa sababu injini hutikisika kwenye mipira yake na bomba gumu lisilo na pa kunyumbulikia hupasuka kwenye flanji. Gasketi ni mpya kila mara. Kwenye Hilux ya petroli ya lita 2.7 tunazingatia zaidi uvujaji ulio mbele ya sensa ya oksijeni, maana hewa ikiingia hapo kompyuta hudhani mafuta ni machache na kuyaongeza.

Ncha ya kutokea moshi tunaifikisha nyuma ya bodi au pembeni nyuma ya gurudumu, kamwe si chini ya bodi. Pikapu nyingi huku hupakia watu nyuma, nyingine zina kanopi, na nyuma ya gari linalotembea hewa huzunguka na kuuvuta moshi ndani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na abiria anayesinzia chini ya turubai hawezi kutofautishwa na aliyezidiwa nayo. Kuna aliyetuomba bomba liishie katikati ya gari ili mlio usikike vizuri, tukamkatalia.

Mwishoni tunaziba ncha kwa tambara injini ikiwa inaunguruma na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, wakati bomba bado ni la baridi. Ukiondoka utasikia harufu ya kuungua kwa muda, na hiyo ni mafuta ya kiwandani yanayokauka. Baada ya safari yako ya kwanza ndefu urudi tukaze boliti, kwa kuwa chuma kilichopata joto na kupoa hulegea, na hilo halina malipo.

Unapokuja, lete gari likiwa limepoa, kwa hiyo ni afadhali asubuhi au ulilaze hapa, na utuambie uzito wa mzigo unaobeba kwa kawaida badala ya ule ulioandikwa kwenye kadi. Kazi ya bomba zima huchukua siku nzima, na boliti za zamani zikikatikia kwenye manifodi, yaani pale ekzosi inapoanzia kwenye injini, huenda ikaingia siku ya pili. Hilo tutakupigia simu kwanza kabla ya kuongeza gharama yoyote.