Raba za nywele za watoto zinakatwa, hazivutwi

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msusi, nasukia hapa Tandika huu mwaka wa 11 sasa, na wateja wangu wengi ni watoto, wale wa chekechea mpaka la tatu ambao shule zao zinaruhusu kusuka. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana kuna kitu kinaniuma na kila Jumapili nakiona upya, nacho ni hizi raba bendi ndogo tunazowafungia watoto mabutu, yani jinsi zinavyotolewa kichwani.

Wiki tatu zilizopita nimeletewa mtoto wa miaka mitano. Nimemkalisha kwenye stuli, nimemwekea tu kitambaa mabegani kashaanza kulia, "anti usinivute, anti usinivute", na mimi hata chanuo sijashika. Nikamuuliza mama yake kulikoni, akasema jana usiku walijaribu kumfumua nyumbani, umeme umekatika, wanamulika na tochi ya simu, raba nyeusi kwenye nywele nyeusi, wakavuta weee mpaka mtoto akakimbilia uvunguni. Nikaangalia juu ya sikio la kushoto nikakuta pengo kama sarafu ya mia. Raba yenyewe mama kaifunga kwenye pindo la kanga kaja nayo, imeviringwa nywele mpaka huioni, kama kiota cha ndege. Simlaumu huyo mama kabisa, kwasababu aliyemsuka mtoto alifunga raba zaidi ya 40, akachukua hela yake, na hakumwambia hata neno moja zitatokaje.

Watu hawajui raba inavyofanya kazi. Ukiifunga unaizungusha mara nne au tano, na katikati ya mzunguko mmoja na mwingine nywele zinaingia zinabanwa. Sasa ukivuta, mpira hautelezi, unabiringika, na kila unapobiringika unaokota nywele nyingine, zingine zinang'oka zingine zinakatika katikati. Na jamani hizi raba asili yake wala sio nywele, zilisajiliwa Uingereza mwaka 1845 na mtu anaitwa Stephen Perry, zilikuwa za kufungia karatasi na bahasha, na kwenye karatasi kushikilia ndo sifa yake, ila kwenye kichwa cha mtoto mwenye nywele laini kule kushikilia ndo kunakotuumiza.

Mimi nafanya hivi. Kwanza siloweshi kichwa na maji, nywele zetu hizi ukizimwagia maji na raba zimo zinajikunja na kusokotana hapohapo. Nachukua mafuta ya nazi, hata ya alizeti ya kupikia yanafaa, nachovya kidole napaka juu ya kila raba, namwachia mtoto katuni dakika kumi na tano hivi. Zile raba za mpira halisi, za rangirangi, mafuta yanazilegeza, zinavimba zinakosa nguvu, ukiiminya kidogo kwa vidole inakatika yenyewe. Zile za kuonekana kama plastiki, nyeupe za kupitisha mwanga, hazikubali mafuta, hizo ni za kukata tu, na hata hivyo mafuta yanasaidia nywele zisishikamane.

Kwenye kukata ndo pa kuwa makini. Shika butu lenyewe kwa mkono wa kushoto, chini kabisa karibu na ngozi, ili hata ukigusa vibaya shina lisivutike. Halafu kwa ule mkia wa kichana inua mzunguko mmoja tu wa juu utoke mbali na nywele uuone umesimama peke yake, ndo uukate kwa kimkasi kidogo cha ncha butu, ukielekeza nje, sio kuelekea kichwani. Ukikata mmoja mingine yote inaachia. Mimi saivi natumia kile kidude cha mafundi cherehani cha kufumulia nyuzi, kina meno mawili, lile fupi lina kidoto chekundu, basi kidoto kinakaa upande wa nywele kinazilinda na makali yanabaki kwa raba. Kama raba zipo na kwenye ncha anza na za ncha, ndo uje za kwenye shina. Wembe usiuguse. Najua wengi tunafumulia wembe, lakini mtoto anatikisika, na wembe haujui nywele ni ipi na raba ni ipi.

Na kuna mambo mawili nimeyaona kwa macho yangu naomba yakome. Moja ni kupaka mafuta ya taa eti raba iyeyuke, yale yanababua ngozi ya mtoto na ni moto huo unasubiri kibatari. Lingine ni kuchoma raba kwa kiberiti kama tunavyochoma ncha za rasta. Kwa mtoto jamani!

Ukishamaliza usiogope ukiona nywele zimebaki kwenye chanuo. Hata mtu mzima nywele 50 mpaka 100 zinadondoka kila siku kawaida, sasa zilizodondoka wiki nzima zilikuwa zimebanwa humohumo. Chukua moja iangalie kwenye mwanga, kama ina kidoto cheupe mwishoni imetoka na shina lake, nyingi ya hizo ilishafika muda wake. Kama haina kidoto ujue imekatika, na zikiwa hivyo nyingi basi raba zilikazwa mno au zimekaa sana. Kwa mtoto mimi nasema wiki moja, ikizidi sana mbili. Joto la Dar linazeesha mpira, unaanza kunata, na hapo kutoa ni shughuli.

Tena angalieni vipele vidogo kwenye mstari wa mbele na juu ya masikio, na mtoto akisema kichwa kinauma usiku ule wa kusukwa msimwambie avumilie, fungueni. Nywele zikivutwa kwa muda mfupi zinaota tena, ila ikiwa ni miezi na miaka shina linakufa na pale hapaoti tena. Nina wateja watu wazima wanaficha mbele kwa mtandio, ukiwauliza wanakwambia kilianzia utotoni.

Ombi langu ni kwa wasusi wenzangu. Tusimfunge mtoto raba nyeusi, tumfunge za rangi inayoonekana, na mama akitoa hela tumwonyeshe kwa raba moja palepale namna ya kuitoa, ni dakika moja tu. Na mtoto ambaye pembeni pameshaanza kunyonyoka tumsuke kwa uzi kama tulivyosukwa na bibi zetu, bila kukaza, au tumwachie nywele zipumzike.

Yule mtoto nilimtoa raba 39 kwa saa moja na nusu, za mwisho alikuwa anazihesabu mwenyewe. Mama wa Tandika ambaye raba zimemshinda aje na mtoto wake, kufumua tu simtozi hela.

Msusi, Tandika,
Dar es Salaam