Medali za wapiganaji wa Kagera ziingizwe katika kumbukumbu zao wangali hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa juu juu linaweza kuonekana la familia moja, lakini naamini linazihusu nyumba nyingi za Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino, ambako mwaka 1978 vijana waliitwa vitani wakiwa wanamgambo na baadhi yao wakabaki jeshini hadi kustaafu. Nazungumzia kumbukumbu za utumishi ambazo hazionyeshi medali alizotunukiwa askari kihalali, na ugumu anaokutana nao anapoomba zisahihishwe.

Baba yangu ni Sajini mstaafu wa JWTZ na sasa anakaribia umri wa miaka 70. Mwishoni mwa Novemba 1978, wiki chache baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia taifa kwamba majeshi ya Idi Amin yamevamia nchi yetu na kwamba tutayapiga, baba na wanamgambo wenzake walipanda treni katika stesheni ya Gulwe, wakaenda hadi Mwanza, na kutoka hapo wakavushwa ziwa kwa meli hadi Bukoba. Alivuka mpaka akiwa katika Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wanamgambo kama yeye, na Machi 1979 alikuwa Lukaya, nchini Uganda, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi, usiku ambao brigedi hiyo ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Hazungumzii sana usiku ule. Anachosema ni kwamba walirudi nyuma, wakajipanga, na kesho yake wakaurudisha mji kwa kushirikiana na Brigedi ya 208. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa amelala hospitali Masaka akiwa na jeraha la mguu.

Alirudi nyumbani mwaka huohuo, na mwaka 1980 akaandikishwa rasmi jeshini, akapewa namba mpya inayoanza na herufi MT, na jalada jipya likafunguliwa kwa jina lake. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyelitambua kwa zaidi ya miaka 30. Jalada lile linaanza na siku ya kuandikishwa, kwa hiyo yeyote anayelifungua leo ataamini kwamba mtu huyu aliingia jeshini baada ya vita kwisha. Medali ya Vita vya Kagera alivishwa kwa kufuata orodha ya wanamgambo, kwa namba ya muda aliyopewa kabla ya kuvuka mpaka, na orodha ile haikuwahi kuunganishwa na jalada lake la pili.

Medali ya Miaka 20 ya JWTZ nayo haimo, na sababu yake ni nyingine kabisa. Jina letu la ukoo ni la Kigogo, na wengine huliandika kwa Ch mwanzoni huku wengine wakiliandika kwa C peke yake, kama wenyeji wanavyofanya wanapoandika Cigogo. Karani aliyeandaa orodha ya kikosi aliliandika kwa C, kisha katikati akaweka r mahali pa l. Jalada linasema vingine. Kwa herufi mbili tu, akapatikana mtu mwingine ambaye hajawahi kuwepo, na huyo ndiye aliyerekodiwa kuwa ametunukiwa medali. Katika cheti cha baba cha kumaliza utumishi imebaki medali moja tu, ile ya Utumishi Mrefu, ilhali medali zote tatu zimo ndani ya kopo la bati chumbani kwake, kila moja na utepe wake.

Baba aliliona kosa hilo siku aliyokabidhiwa cheti, lakini hakulalamika, kwa sababu alijua alichokifanya na hakuona haja ya karatasi kumshuhudia. Kilichombadilisha ni msiba. Miaka michache iliyopita tulikwenda kumzika mwenzake wa siku za vita katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Wasifu wa marehemu uliposomwa mbele ya jeneza, kama ilivyo ada katika mazishi ya mwanajeshi, zikatajwa tarehe za kuandikishwa, vyeo, vikosi alivyotumikia, kisha medali. Kagera haikutajwa. Wazee waliokuwa wamekaa mstari wa mbele walitazamana, na baba akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu nilikuwa naye Lukaya." Hakuna aliyethubutu kumkatiza msomaji, maana msomaji alikuwa anasoma kilichoandikwa. Wajukuu wa marehemu waliondoka makaburini wakiwa na nakala ya wasifu ule, na ndio watakaoutunza.

Kwa hiyo ninapoomba kumbukumbu zisahihishwe, siombi mapambo, wala baba hadai nyongeza ya pensheni. Anachoomba ni kwamba siku yake itakapofika, kitakachosomwa kiwe kweli.

Tulianza kufuatilia tukiwa na matumaini makubwa. Katika ofisi ya kwanza, ambayo sitaitaja kwa sababu sina nia ya kumshtaki mtu, tulipokelewa kwa heshima na baba akapewa kiti, lakini tukaambiwa tulete nakala halisi ya amri iliyotoa medali hizo. Tulipouliza amri hiyo hutunzwa wapi, tukaambiwa hutunzwa na Jeshi lenyewe na haitolewi kwa raia. Tukarudi na barua ya mwenyekiti wa kijiji, kadi ya hospitali ya mwaka 1979 na picha ya kuvishwa medali, tukaambiwa hizo si nyaraka za kijeshi. Mara ya tatu hatukuonana na mtu. Mzee aliyevuka Mto Kagera chini ya mizinga anaombwa athibitishe kwa karatasi iliyomo ndani ya kabati la yule yule anayemwomba uthibitisho. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na kila mara naona kwamba mzigo wa kutafuta karatasi umewekwa kwenye bega lisilostahili.

Wapo watakaosema kwamba bila masharti magumu kila mtu atajitokeza na kudai alipigana. Hofu hiyo naielewa, na baba mwenyewe anaikubali, kwani medali iliyo mkononi inaweza kuwa imerithiwa, imeokotwa au hata imenunuliwa. Hata hivyo, nchi nyingine zimekutana na tatizo kubwa kuliko letu na hazikufunga mlango. Nchini Marekani, tarehe 12 Julai 1973, moto uliunguza kituo cha kumbukumbu za askari kilichokuwa karibu na mji wa St. Louis, na majalada yapatayo milioni 16 hadi 18 ya watu waliowahi kutumikia jeshi yakateketea. Hawakuwaambia wazee wao kwamba kwa kuwa jalada limeungua, basi na utumishi umeungua. Walianza kujenga upya taarifa za kila anayeomba kwa kutumia hati za malipo ya mishahara, kumbukumbu za hospitali na nyaraka za vikosi, na kazi hiyo inaendelea hadi leo. Tena wanao utaratibu wa kawaida kabisa wa kusahihisha cheti cha kumaliza utumishi: askari hujaza fomu, huambatanisha alicho nacho, na medali iliyosahaulika ikithibitika hutolewa hati ya nyongeza inayoambatana na cheti cha awali. Sisi hatukuunguliwa. Orodha zetu, kwa kadiri ninavyoamini, zipo, ila hazijakutanishwa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetambua kwamba mtu anayo haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ninafahamu kwamba masuala ya usalama wa taifa yana kinga zake, na ni sawa yawe nazo. Lakini Vita vya Kagera vinafundishwa darasani, nami mwenyewe nilivifundisha kwa miaka 22 kabla ya kustaafu ualimu, na sioni siri gani ya taifa itakayofichuka kwa kuandika kwamba Sajini fulani alikuwepo.

Ninachopendekeza kwa wahusika ni hiki. Kwa wale waliotoka mgambo na kuingia jeshini, orodha za wilaya za mwaka 1978 zilinganishwe na majalada ya MT, na ulinganisho huo ufanywe na ofisi yenyewe bila kumsubiri mzee aliyeko Kibakwe au Mvumi aombe, kwa sababu wengi wao hawajui hata kwamba jalada lao lina pengo. Pale ambapo jina limeandikwa kwa namna mbili, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na jina la baba vitumike kuamua, badala ya kumrudisha mtu mahakamani kula kiapo cha jina kila mara. Na pale ambapo karatasi haipatikani kabisa, ukubaliwe ushahidi wa kiapo wa askari wenzake wawili ambao kumbukumbu zao hazina utata. Pendekezo hili la mwisho ndilo lenye haraka, kwa maana kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65, na kati ya watu 11 wa kijiji chetu waliopanda treni ile pamoja na baba, waliobaki ni watatu.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Dodoma lipo jambo jingine la kutia moyo. Zamani mzee wa Mpwapwa aliyetaka kufuatilia jalada lake alilazimika kwenda Dar es Salaam, akatafute ndugu wa kumlaza kwa siku asizojua idadi yake. Sasa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa iko hapa hapa Dodoma. Likiwekwa dawati moja la kupokea maombi ya kusahihisha kumbukumbu za wastaafu, lenye fomu inayoeleweka na stakabadhi yenye tarehe ambayo mwombaji ataondoka nayo, mzee ataweza kutoka nyumbani alfajiri kwa basi na kurejea kabla ya jua kuzama. Stakabadhi hiyo naisisitiza. Katika safari zetu tatu hatukupewa karatasi hata moja inayoonyesha kwamba tuliwahi kufika, na kila tuliporudi tulianza upya kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa, na waliolala katika makaburi ya Kaboya huwekewa mashada kwa heshima inayowastahili. Baba huvaa medali zake siku hiyo, hukaa nje chini ya mwembe na redio yake, na husikiliza hadi mwisho. Mwaka jana mjukuu wake, aliyekuwa amekiona cheti kile, alimuuliza kwa nini amevaa tatu wakati kwenye karatasi kuna moja. Mzee hakumjibu.

Mwisho, Mhariri, naomba kupitia gazeti lako kwamba msomaji yeyote aliyepanda treni Gulwe katika kundi la wanamgambo wa Mpwapwa mwishoni mwa Novemba 1978, au ambaye mzazi wake aliacha daftari, barua au picha ya safari ile, awasiliane nawe. Anwani yangu nimekuachia, na gharama za kutoa nakala nitazilipa mimi.

Wako mtiifu,
Binti wa Sajini mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma.