Malalamiko kuhusu mzigo wa kuni mseto

Majengo, Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: KUNI MBICHI ZILIZOUZWA KAMA KAVU

Mimi ni mpishi wa shughuli. Kuni za mvinje ninazotumia zilipopanda bei, wakala wenu alinishawishi nichukue "kuni mseto zilizokauka", akisema hata miti isiyopendwa inawaka. Nilikubaliana naye na bado nakubali. Ninacholalamikia ni mlicholeta.

Lori lenu la kanta lilimwaga kuni za mathenge, mkilifi (mwarobaini) na msufi rundo moja, bila alama yoyote. Mathenge sina neno nao. Una miiba, na wafugaji wa Baringo waliuchukia hadi wakaishtaki serikali, lakini moto wake ni mkali na makaa yake yanakaa. Mkilifi ulikuwa mbichi: kila ukuni ulioingia mafigani ulitoa povu nchani, maji yakachuruzika hadi jivuni. Moshi uliwaliza wapishi, ukaingia na kwenye nyama. Msufi nao uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu tupu. Sasa pilau ya harusi niipalie na nini, bila makaa ya kuweka juu ya kifuniko? Ilibidi nimtume kijana akatafute makaa usiku, kwa bei ya usiku, na bado wali wa juu ulitoka na kiini.

Mkilifi si mti mbaya. Ukikauka unapika vizuri tu. Ila gogo lililokatwa karibuni huweza kuwa nusu maji kwa uzito, na moto mzuri hupatikana maji yakishuka chini ya asilimia 20. Ninyi mmeniuzia maji kwa bei ya kuni. Wapakizi wenu wangegonganisha vipande viwili tu wangejua: kuni kavu hulia ko-ko, hizi zenu zinalia du.

Nataka mnirudishie pesa za mkilifi na msufi, au mniletee mathenge mkavu wa thamani hiyo, kabla ya Ijumaa ijayo. Gharama ya makaa pia ni yenu. Risiti na picha nimeambatisha. Halafu tengeni kila mti peke yake na mseme ulikatwa lini. Msufi wauzieni wanaotafuta vya kuwashia moto, si sisi wa masufuria ya harusi.

Mzigo uliobaki uko uani kwangu. Tumeni mtu auone kabla haujanyeshewa, msije mkasema ni mvua iliyoulowesha.

Wako mwaminifu,
Mpishi wa shughuli, Majengo