Mkataba wa kisima utaje bomba, si mita tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vijiji, jumuiya za watumia maji na watu binafsi wanaochimbisha visima. Mimi ni fundi mchomeleaji, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuunga kesingi, yaani mabomba yanayoshikilia kuta za kisima, kwenye mitambo ya kuchimba visima, zaidi Dodoma na Singida. Jambo linaloniumiza ni mikataba. Imeandikwa "mita 100 pamoja na kesingi", basi. Kesingi gani, unene gani, ishuke hadi wapi, hakuna anayeuliza, na hapo ndipo fedha za wananchi zinapozama.

Huku kwetu juu kuna udongo na mwamba uliooza, pengine mita 20, pengine 40, ndipo ukute mwamba mgumu. Sehemu hiyo laini hubomoka mtambo ukiwa bado kazini. Kwa hiyo hutangulia bomba pana la chuma, inchi 8 au 10, likalie mwamba mgumu, kisha uchimbaji uendelee kupitia ndani yake. Wakandarasi wengi hulichomoa mwishoni walitumie kwingine. Hilo halina ubaya, mradi kesingi ya kudumu imeshashuka, kokoto zimejazwa pembeni na mita chache za juu zimezibwa kwa saruji. Bila saruji hiyo, maji ya mvua hushuka kandokando ya bomba na uchafu wote wa zizini na chooni.

Kesingi ya kudumu ni ya aina mbili: nzima isiyo na matundu, na skrini, yaani yenye matundu, inayokaa mbele ya tabaka lenye maji. Skrini ya kiwandani, iwe ya kuzungushiwa waya au ya matundu yaliyokatwa kwa mashine, ina nafasi zinazolingana. Lakini nimeona katika kijiji kimoja Singida mabomba ya kawaida yakitobolewa kwa moto wa gesi papo hapo porini, tundu moja likipitisha kidole, jingine halipitishi hata msumari. Pampu ya kisima kile iliharibiwa na mchanga kabla ya mwaka kwisha. Akina mama wakarudi kwenye visima vya kuchimba mtoni, na mkandarasi alikwishalipwa.

Kuhusu unene, kuna kipimo asichohitaji mtu kusomea. Bomba la chuma la inchi 6, urefu wa mita 6, likiwa na unene wa milimita 7, lina uzito wa kilo 170 hivi. La milimita 3, lile la kutengenezea mageti, halifiki kilo 75. Mkiona vijana wawili wanalitupia begani na kutembea nalo, simamisheni kazi muulize. Pampu inapovuta, maji ndani ya kisima hushuka huku nje yakibaki juu, na kila mita 10 za tofauti hiyo ni mgandamizo wa baa moja unaolibana bomba. Jembamba hujikunja, pampu ikanaswa chini.

Shimo nalo liwe pana. Kesingi ya inchi 6 ndani ya shimo la inchi 10 huachiwa sentimita 4 hivi kila upande kwa ajili ya kokoto za kuzuia mchanga, tena kokoto za mtoni zilizoviringika, zilizochekechwa kufuata matundu ya skrini. Sisi wachomeleaji tunapaswa kupima kila kiungo kwa timazi na kuacha weldi ipoe kabla ya kushusha. Msimamizi anayetuharakisha kwa sababu mtambo unalipiwa kwa saa anawapa wanakijiji kisima kilichopinda.

Sidai kwamba chuma kinafaa kila mahali. Maji yenye asidi au chumvi nyingi hukila chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida, na maji hutoka mekundu hadi watu wanayakimbia. Kwenye visima vifupi vya pwani, kama Kigamboni, plastiki nzito ya visima huishi kuliko chuma. Lakini ukishuka mita mia kadhaa, kama visima virefu vya Kimbiji na Mpera karibu na Dar es Salaam, plastiki haiwezi kustahimili mbano huo. Hapo ni chuma kinene, na skrini za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Mwenye kununua ajue pia kwamba stenlesi ikiungwa moja kwa moja na chuma cheusi kwenye maji ya chumvi, chuma cheusi huliwa upesi pale kwenye kiungo. Ndiyo maana maji ya visima vya jirani yapimwe kwanza, bomba lichaguliwe baadaye.

Ombi langu ni kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na Bodi za Maji za Mabonde: kila mkataba wa kisima cha umma utaje aina ya bomba, kipenyo, unene, kina cha kesingi nzima na cha skrini, na kina cha saruji. Mjumbe wa jumuiya ya watumia maji awepo siku ya kushusha, ahesabu vipande na kutia saini. Nakala ya kumbukumbu hiyo ibaki kijijini, ofisini kwa mtendaji, ili fundi atakayeitwa baadaye kutoa pampu ajue anashusha vifaa vyake kwenye kitu gani.

Fundi mchomeleaji wa visima,
Kizota, Dodoma