Barua kwa Rafiki Anayetaka Kuingia Katika Kazi ya Kuhifadhi Majengo ya Kale

Mpendwa rafiki yangu,

Pokea salamu zangu za dhati. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita, nikaisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lililomo si la kujibiwa kwa pupa. Unauliza kama mtu aliyekaa miaka tisa benki akipitia maombi ya mikopo anaweza kupata nafasi katika kazi ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, au kama kazi hii ni ya wasanifu majengo, waashi na wanahistoria peke yao. Nakujibu bila kuzunguka: watu wa aina yako ndio tunaowakosa. Majengo mengi niliyoyashuhudia yakiporomoka yalikuwa na watu wa kuyapenda. Aliyekosekana ni mtu wa kuyafanyia hesabu.

Hata hivyo nisingependa uje ukidhani kwamba hesabu zitatosha zenyewe, maana hesabu za jengo la kale huanzia ukutani. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia ukarabati wa jengo la maduka la matofali ya kuchoma, lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mkandarasi alikwangua maungio ya zamani yaliyokuwa ya chokaa na mchanga, akayajaza saruji, nami nilipoona mistari imenyooka niliidhinisha malipo. Haikupita miaka mitatu uso wa matofali ukaanza kubanduka vipande vyembamba. Ukipitisha mkono ukutani, kiganja kilibaki na unga mwekundu, ilhali mistari ya saruji ilikuwa imetokeza mbele kama mbavu za mnyama aliyekonda. Fundi mwashi mzee ndiye aliyenielewesha kosa langu. Tofali la zamani ni laini, hunywa maji na kuyatoa, na chokaa iliyo dhaifu kuliko tofali huyaruhusu maji hayo yakauke kupitia kwenye maungio, hata maungio yenyewe yachakae kabla ya tofali. Saruji ngumu huiziba njia hiyo, maji pamoja na chumvi iliyomo yakalazimika kutokea kwenye uso wa tofali, na chumvi inapoganda humo ndani huusukuma uso ule mpaka ung'oke. Maungio hujazwa upya kila baada ya miongo kadhaa, lakini tofali lililomeguka uso halirudi.

Nimekueleza habari za ukuta huo kwa sababu ndipo fedha zinapopita. Jengo jipya hutumia sehemu kubwa ya bajeti yake kununua vifaa vilivyotengenezwa kwingine, mara nyingi mbali sana, lakini katika ukarabati vifaa vingi tayari vimo ndani ya jengo, na kinachonunuliwa zaidi ni mikono ya watu: mwashi anayejua kuchanganya chokaa, seremala anayeunga kipande kipya kwenye fremu ya dirisha iliyooza kwa chini tu, fundi wa bati anayekunja kingo za paa. Mishahara hiyo hulipwa watu wanaoishi karibu na jengo na hutumiwa karibu na jengo. Mtu akikuambia kwamba uhifadhi ni anasa ya waliokwisha kushiba, muulize kwanza mafundi wanaishi wapi.

Ni kweli kwamba kazi yetu ilianza kwa kutazama nyumba za wakubwa. Nchini Marekani, ambako mambo haya yameandikwa vizuri, chama cha wanawake kilichoasisiwa na Ann Pamela Cunningham mwaka 1853 kililenga kuiokoa Mount Vernon, nyumba ya George Washington. Ilikuja kuchukua hadi mwaka 1931 kwa mji wa Charleston kulinda eneo zima la mji kwa kanuni za mipango miji, badala ya nyumba moja moja. Kisha mwaka 1963 kituo cha reli cha Pennsylvania Station kikaanza kubomolewa jijini New York, uchungu ukaenea, na mwaka 1966 ikapitishwa sheria inayozitaka taasisi za serikali kuu kupima kwanza athari za miradi yao kwa sehemu za kihistoria kabla ya kutoa fedha au vibali. Sheria hiyo ina manufaa makubwa, ila ukiisoma vizuri utaona kwamba inalazimisha kufikiri, hailazimishi kuokoa.

Mji ninaopenda kuutolea mfano zaidi ni Savannah, katika jimbo la Georgia. Mwaka 1954 soko la mji huo lilibomolewa ili kupisha jengo la kuegesha magari, na mwaka uliofuata wanawake saba wakaanzisha shirika na kuinunua nyumba ya Davenport, iliyojengwa mwaka 1820, isije nayo ikapotea. Mpaka hapo ni hadithi uliyokwisha kuisikia katika miji mingi. Kinachokuhusu wewe ni hatua iliyofuata, yaani mfuko wa fedha unaozunguka. Shirika lilinunua nyumba iliyo hatarini, likaandika kwenye hati sharti la kuilinda, likamwuzia mtu aliyekubali kuikarabati, na fedha zilizorudi zikanunua nyumba nyingine. Fedha zile zile zilifanya kazi mara nyingi, na mlinzi wa nyumba akawa ni hati yenyewe, kwa sababu sharti hilo humfuata kila mmiliki anayekuja baadaye. Jengo lile la kuegesha magari nalo lilikuja kubomolewa baada ya nusu karne, na mahali pake pakafanywa uwanja wa wazi, kama palivyokuwa kabla ya soko kujengwa.

Mfuko huo uliokoa nyumba, lakini haukuwa na jibu kuhusu wapangaji. Nyumba zilipopendeza, bei zilipanda, na waliozoea kuishi humo hawakuzimudu tena. Leopold Adler, aliyekuwa ameliongoza shirika hilo, aliliona jambo hili, na mwaka 1974 akaanzisha mradi mwingine katika mtaa wa nyumba za mbao zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19, ambao sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa Wamarekani Weusi wenye kipato kidogo. Mradi ulinunua nyumba, ukazikarabati, kisha ukazipangisha kwa watu wa kipato kile kile kwa msaada wa ruzuku za serikali za kodi ya pango. Mimi huuhesabu mradi huo kuwa ndio kazi yetu ilipokomaa, kwa kuwa humo swali la nani atabaki ndani liliulizwa kabla ya rangi kupakwa.

Sikulijua swali hilo kwa kusoma tu. Jengo lile la matofali lilipomalizika kutengenezwa, safari hii kwa chokaa, lilisifiwa na kila aliyepita. Miezi minane baadaye mshonaji aliyekuwa na fremu ya pembeni alinijia na barua ya kupandishiwa kodi, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye niliyeandika maombi ya ruzuku ya kukarabati mbele ya duka lake. Nilimjibu kwamba ndiye. Hakulalamika, alikunja barua yake, na mwisho wa mwezi akahamisha cherehani zake. Katika maombi yale nilikuwa nimetaja aina ya chokaa, rangi ya milango na upana wa vioo, wala sikuwa nimeandika mstari hata mmoja kuhusu mkataba wake wa kupanga.

Sasa tazama mahali unapohitajika. Tuseme gharama yote ya kuliokoa jengo la orofa tatu ni mafungu 100, ambapo 20 ni ya kulinunua na 80 ni ya ukarabati. Benki, kama ujuavyo kuliko mimi, itakopesha kulingana na kodi ya pango ambayo jengo linaweza kuingiza, tuseme mafungu 55. Mwenye jengo anazo 15. Nchini Marekani ipo nafuu ya kodi ya mapato ya serikali kuu kwa majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato, nayo ni asilimia 20 ya gharama zinazostahiki za ukarabati. Gharama ya kununua jengo haimo, na nyumba anayoishi mmiliki mwenyewe haihusiki. Kwa hesabu yetu nafuu hiyo haizidi mafungu 16. Jumlisha: tunafika 86. Pengo la mafungu 14 linalobaki ndilo kazi yetu. Likizibwa kwa kupandisha kodi ya pango, mshonaji anaondoka. Likizibwa kwa mkopo wa riba nafuu unaosubiri nyuma ya mkopo wa benki, yaani unaolipwa baada ya benki kulipwa kwanza, au kwa ruzuku yenye sharti la kumlinda mpangaji kwa miaka kadhaa, au kwa kukarabati ghorofa moja kwanza ili ianze kuingiza fedha, mshonaji anabaki. Ukuta hautaonyesha tofauti yoyote kati ya njia hizi, na ndiyo maana watu wanaotazama kuta peke yake hawaioni.

Kuhusu njia ya kuingilia, usiache kazi kesho. Vyuo vinavyofundisha fani hii viko vingi sasa, ila kwa hali yako ningeanza kwa kujitolea kwenye kamati ya mikopo ya mfuko wa uhifadhi, na wakati huo huo kumfuata mwashi siku za mapumziko mpaka uweze kutofautisha ufa wa zamani uliotulia na ufa unaoendelea kutembea. Ipo pia kazi ya usimamizi wa mtaa wa biashara wa zamani. Mwaka 1977 mpango wa majaribio ulianza katika miji mitatu midogo ya Marekani, Galesburg, Hot Springs na Madison, na mojawapo ya mambo yaliyothibitika ni kwamba kupamba sura za maduka hakutoshi. Mtaa unahitaji mtu wa kudumu anayewajua wenye majengo kwa majina, anayepanga shughuli za kuwavuta wateja na anayetafuta wapangaji wa ghorofa za juu zilizo tupu. Mshahara utakuwa mdogo kuliko unaoupata sasa. Hilo lizungumze na familia yako kabla hujazungumza nami tena.

Pamoja na barua hii naambatanisha jedwali la gharama za jengo tunaloshughulika nalo wakati huu, nikiwa nimefuta jina la mmiliki. Ghorofa mbili za juu hazijakaliwa kwa miaka mingi, chini kuna wapangaji watatu, na mikataba yao inakwisha kabla ya ukarabati kumalizika. Lisome kama ombi lililowekwa mezani kwako benki, kisha uniandikie kama ungelikubali au ungelikataa, na katika ukurasa wa tatu, pale nilipoacha nafasi tupu, uandike sharti ambalo wewe ungeliweka kwa ajili ya wapangaji hao watatu.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.